Majani Mawili na Chipukizi: Somo la Nomino katika Nchi ya Chai

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mchumaji hupewa sheria moja kabla ya sheria nyingine zote: achume majani mawili na chipukizi moja, na yale yaliyokomaa ayaache mtini. Kwa Kiingereza sheria hiyo husemwa kwa maneno matano tu, nayo yanajulikana sana katika biashara ya chai: "two leaves and a bud". Tukiyatazama maneno hayo kwa jicho la mwalimu, tutaona kwamba ni zaidi ya agizo la kazi. Hesabu ya mbili imelilazimisha jina kuingia katika wingi; "leaf" limekuwa "leaves", f ikageuka v; "bud" limebaki katika umoja, na neno dogo "a" limetangulia kutuarifu kwamba ni moja tu. Somo la kwanza la nomino za Kiingereza limo ndani ya kikapu cha mama anayechuma chai.

Hata hivyo, mtoto wa mama huyo aghalabu hufundishwa nomino kwa orodha ya ubaoni, kana kwamba ni vitu vilivyoletwa kutoka nchi ya mbali. Huikariri fasili kwa sauti nzuri, kwamba nomino ni jina la mtu, mahali au kitu, na kesho yake akaandika "two leafs" bila kuona kosa. Fasili ameihifadhi, nomino yenyewe hajaikamata.

Huenda msomaji akauliza: habari za Kericho na Bomet zinatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Zinatuhusu kwa njia nyingi. Chai ya huko huteremka hadi Mombasa, ambako mnada wake umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969. Wako ndugu zetu walioko bara kwa kazi na biashara, na watoto wao husoma katika shule za huko. Na kubwa zaidi, ukuta unaomkabili mtoto wa nchi ya chai ndio huo huo unaomkabili mtoto wa Kisauni, wa Lamu na wa Kwale: anasomeshwa kwa lugha ambayo haisikii nyumbani. Tukijifunza jinsi nomino inavyoweza kufundishwa vyema kule, tutakuwa tumejifunza jinsi ya kuifundisha hapa.

Ukuta wa Gredi ya Nne

Mwaka 1976, kamati ya elimu iliyoongozwa na Gachathi ilipendekeza kwamba mtoto wa Kenya asomeshwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi, na mahali ambapo watu wa lugha mbalimbali wamechanganyika, Kiswahili kitumike. Baada ya hapo, Kiingereza kichukue nafasi. Mitaala imebadilika tangu wakati huo. Ulikuja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ukafuatwa na mtaala wa umilisi tunaouona leo, lakini mpaka huo wa darasa la nne umebaki palepale.

Katika nchi ya chai, mpaka huo una sura mbili. Sura ya kwanza iko katika mashamba makubwa ya Kericho, yaliyoanzishwa na kampuni za Kiingereza katika miaka ya 1920. Huko wafanyakazi walitoka pande nyingi, Wakipsigis, Wagusii, Waluo, Waluhya na wengineo, wakakaa pamoja katika kambi za kampuni. Na Kiswahili kikawa lugha ya kisimani, ya dukani na ya mizanini. Sura ya pili iko katika vijiji vya Bomet na pembe za Kericho, ambako wakulima wadogo hupeleka majani yao katika viwanda kama Kapkoros, Mogogosiek na Litein. Huko lugha ya nyumbani ni Kikipsigis, na mtoto huenda akafika shuleni akiwa na Kiswahili kidogo sana, na Kiingereza hana kabisa.

Watoto hawa wote hukutana mbele ya ukuta mmoja. Wakifika Gredi ya Nne, somo la sayansi huzungumzia "roots", "stems" na "leaves". Somo la hesabu huuliza ni "baskets" ngapi zitajazwa. Na somo la jamii hutaja "rivers" na "towns". Mtoto ambaye nomino za Kiingereza hazijamkaa hashindwi Kiingereza peke yake. Hushindwa sayansi anayoijua kwa mikono yake, na hesabu anayoifanya kila siku akitumwa dukani. La kusikitisha zaidi ni kwamba hushindwa kimya kimya. Hanyooshi mkono, wala haulizi. Na mwalimu mwenye darasa kubwa huweza kudhani kwamba mtoto huyo ni mzito wa akili, ilhali aliyekwama ni ulimi wake tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi ya chai kwa sababu kazi ya kuchuma kwa mkono inapungua. Mashine za kuchumia zimeingia katika mashamba makubwa, chama cha wafanyakazi kimezipinga, na mwaka 2023 hasira zilipanda mpaka mashine kadhaa zikachomwa moto huko Kericho. Zamani mzazi aliweza kujifariji kwamba mwanawe akikwama shuleni, kikapu kipo. Leo faraja hiyo haipo tena. Mtoto wa mchumaji anahitaji kuelewa anachosomeshwa kuliko alivyohitaji mzazi wake.

Mwana wa nchi ya chai na kamusi yake ya nomino

Wapo waliotambua zamani kwamba nomino ndiyo mlango wa kuingilia. Mmoja wao ni Dkt. Taaitta Toweett, Mkipsigis, mwanasiasa aliyeshiriki mazungumzo ya katiba mjini London kabla ya uhuru na aliyewahi kuwa Waziri wa Elimu wa Kenya. Wengi humkumbuka kwa siasa. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa pia mwanaisimu, na kwamba mwaka 1975 aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi kuhusu nomino za Kikalenjin na jinsi zinavyogawanyika katika makundi.

Mwaka 1979 alichapisha kamusi ndogo ya kutia mfukoni, nayo ilikuwa kamusi ya nomino tu: nomino za Kiingereza, za Kiswahili na za Kikalenjin. Wazo hilo ni la busara. Hakukusanya vitenzi wala vielezi. Alianza na majina ya vitu. Tena hakuziweka lugha hizo katika vitabu vitatu mbalimbali, bali aliziweka katika kitabu kimoja, ili ile ambayo mtu anaijua imfungulie ile asiyoijua. Aliyewahi kuwa waziri wa elimu hakuona aibu kuiweka lugha ya kijijini kwao kando ya Kiingereza.

Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa kuwa historia ya shule zetu ina upande mwingine. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ameeleza jinsi mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya mama shuleni alivyochapwa viboko au kuvishwa kibao cha fedheha shingoni. Mtoto aliyelelewa namna hiyo hujifunza kwamba lugha ya nyumbani ni adui wa Kiingereza. Sisi tunaamini kinyume chake, na nomino ndiyo ushahidi wetu.

Sisi Waislamu, aidha, tunajua kwamba elimu ya kwanza aliyopewa baba yetu Adam, amani iwe juu yake, ilikuwa elimu ya majina. Kujua jina la kitu ni mwanzo wa kukijua kitu chenyewe, na mtoto wa miaka minne anayeuliza "hiki nini?" kutwa nzima yuko katika njia hiyo kongwe.

Lugha tatu na mwendo wa nomino

Hebu tuziweke lugha hizo tatu kando kwa kando kama alivyofanya Toweett.

Kiswahili hubadili nomino mwanzoni. Kikapu kikawa vikapu, mtoto akawa watoto, mti ukawa miti. Kisha badiliko hilo huenea katika sentensi nzima: kikapu kikubwa kimejaa, vikapu vikubwa vimejaa. Mtoto wa Kiswahili, kwa hiyo, husikiliza kichwa cha neno ili ajue ni kimoja au ni vingi.

Kiingereza hufanya kinyume. Kichwa cha neno hakiguswi; badiliko liko mkiani: "basket" ikawa "baskets". Na kivumishi hakishughulishwi hata kidogo: "big basket", "big baskets". Si ajabu basi mtoto wetu akaisahau ile s. Sikio lake limezoezwa miaka mingi kusikiliza mlangoni, na Kiingereza kimetokea uani.

Kikipsigis je? Mtoto mmoja ni "lakwet", watoto ni "lagok". Ng'ombe mmoja ni "teta", wengi ni "tuga". Mtu ni "chito", watu ni "bik". Tazama jinsi mambo yanavyotendeka: neno hugeuka mwishoni, na wakati mwingine hugeuka mwili mzima. Mtoto aliyezoea "chito" na "bik" hawezi kushtuka akiambiwa kwamba "person" huwa "people", au "foot" huwa "feet". Lugha yake imemfundisha tangu utotoni kwamba nomino yaweza kuvua nguo zote ikavaa nyingine. Katika jambo hili, mtoto wa kijiji cha Bomet yuko karibu na Kiingereza kuliko mtoto wa Mombasa mjini. Lililobaki ni mwalimu kumwambia hivyo: "Fanya kama ufanyavyo kwenu unaposema lakwet na lagok." Sentensi hiyo moja humpa mtoto mahali pa kusimama.

Lipo na jambo la mpangilio wa sentensi. Kikipsigis hutanguliza kitendo, kisha akaja mtendaji. Ni kana kwamba tungesema "alichuma mama chai". Watoto wetu waliosoma nahau ya Kiarabu wanaujua mpangilio huo vyema, maana madrasani hufundishwa fiili kwanza, kisha faili. Kiingereza hakikubali. Katika sentensi ya kawaida ya Kiingereza, nomino ya mtendaji hutangulia mbele ya kitenzi kama imamu mbele ya safu: "Mother picks tea." Mwalimu anayejua kwamba lugha ya mtoto hutanguliza kitenzi hatamkemea akichanganya, atamwambia tu nani asimame mbele.

Shamba ni kitabu cha wingi

Kanuni za wingi wa nomino za Kiingereza huwachosha wanafunzi zikiwekwa ubaoni zote kwa pamoja. Lakini mtoto wa nchi ya chai anaweza kuzipata zote akipita tu kutoka nyumbani hadi kiwandani.

Kwanza kuna vitu vinavyoongezwa s pekee: "farm" huwa "farms", "worker" huwa "workers", "basket" huwa "baskets". Hivi ndivyo vilivyo vingi, na tuvianze.

Pili, mti wa chai uliopogolewa huitwa "bush", nao wingi wake ni "bushes". Mwache mtoto ajaribu kutamka "bushs", na ulimi wake mwenyewe utamwonyesha kwa nini Waingereza waliongeza e. Vivyo hivyo sanduku, "box", huwa "boxes", na basi la shule, "bus", huwa "buses".

Tatu ni kiwanda, "factory". Herufi y ikiwa imetanguliwa na konsonanti, huondoka ikaacha "ies": "factories". Ikitanguliwa na irabu hubaki mahali pake, kama "day" inavyokuwa "days".

Nne ni jani lenyewe: "leaf" na "leaves". Kisu hufuata njia hiyo hiyo: "knife" na "knives". Si kila neno linaloishia kwa f hufanya hivyo, kwani "roof" huwa "roofs". Haya machache hayana budi kujulikana moja moja.

Tano ni watu wa shamba wenyewe: "woman" na "women", "man" na "men", "child" na "children". Hapa ndipo tunaposikia "childrens" na "womens". Kosa hili lina mantiki yake: mtoto amejifunza kwamba wingi ni s, naye anaitii sheria kupita kiasi. Anayekosea namna hii amekwisha kuishika kanuni. Amebakiza kuyajua maneno yasiyoifuata.

Sita ni kondoo. Kwa Kiswahili twasema kondoo mmoja, kondoo wawili, na jina halibadiliki. Kiingereza nacho husema "one sheep, two sheep". Mtoto hufurahi sana kukuta lugha mbili zimekubaliana.

Saba ni kile kisichohesabika, na hapa shamba hufundisha kuliko kitabu chochote. Mkulima akifika kituo cha kununulia majani, hakuna anayehesabu majani yake. Hupimwa kwa mizani. Basi mwambie mtoto kwamba nomino za Kiingereza ni za namna mbili: zile zinazohesabiwa kwa vidole na zile zinazopimwa kwa mizani au kwa chombo. "Tea", "milk", "sugar", "rain", "soil" na "water" ni za kupimwa. Hazipewi s wala hazitanguliwi na "a". Tukitaka kuzihesabu, tunahesabu chombo: "a cup of tea", "two cups of tea", "ten kilos of sugar".

Mzazi wa Kiswahili aangalie mtego mmoja hapa. Sisi husema maji haya, maziwa yale, kana kwamba ni vitu vingi, maana nomino hizo ziko katika ngeli inayofanana na wingi. Ndiyo sababu watoto wetu huandika "these waters" au "the milks are hot". Wakielezwa kwamba Kiingereza huyaona maziwa kama kitu kimoja kilichotulia ndani ya sufuria, huelewa mara moja: "The milk is hot."

Kiprotich ni "he", Cherotich ni "she"

Hakuna kosa linalosikika zaidi miongoni mwa wanafunzi wetu kuliko hili: "My mother, he is cooking." Wenye lugha yao hulicheka. Lakini chanzo chake ni wazi. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika kiwakilishi. "Yeye" ni yeye tu, na "anapika" yafaa kwa baba na kwa mama. Kikipsigis nacho hakitofautishi. Mtoto anapoambiwa achague baina ya "he" na "she", anaambiwa atazame jambo ambalo lugha zake mbili hazikumtaka alitazame.

Lakini majina ya watu yanalitazama. Majina mengi ya Wakipsigis hubeba alama ya uanaume au uanauke mwanzoni. Kiprotich ni mvulana na Cherotich ni msichana, na wote wawili wamepewa jina la saa ya ng'ombe kurejea nyumbani. Kiplangat na Chelangat ni wa jioni. Kipkoech na Chepkoech ni wa alfajiri. Mwalimu mwerevu atayaandika majina hayo ubaoni katika safu mbili, juu ya moja aandike "he" na juu ya nyingine "she", na darasa zima litakuwa limeelewa kabla kengele haijalia.

Nasi Pwani tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa majina yetu, ambayo mengi hutofautishwa mwishoni: Amin na Amina, Jamil na Jamila, Habib na Habiba. Somo hilo hilo litatupa na faida ya pili, nayo ni nomino za pekee. Mtoto ataona kwamba jina la mtu, kama jina la Kericho au la Mombasa, huanza kwa herufi kubwa popote lilipo katika sentensi, ilhali "girl" na "town" huanza kwa herufi ndogo. Mtoto hulijali sana jina lake. Ukimwonyesha kanuni ndani ya jina hilo, haisahau.

Maneno mawili madogo: "a" na "the"

Kiswahili hakina maneno haya. Tukisema "nimemwona mbwa", msikilizaji ataelewa kutokana na mazungumzo kama ni mbwa yeyote au ni yule tunayemjua. Kiingereza hakituachii nafasi hiyo; hututaka tuseme.

Kwa watoto waliokaa madrasani, njia ni fupi. Wamekwisha kufundishwa kwamba maneno ya Kiarabu ni ya aina tatu, ism, fiil na harf, na kwamba ism huweza kuwa nakira au maarifa. "Kitabun" ni kitabu chochote, nacho hulingana na "a book". "Al-kitabu" ni kitabu kinachojulikana, nacho hulingana na "the book". Anayeijua alif na lamu ana nusu ya somo mkononi, isipokuwa hakuna aliyemwambia kwamba elimu ya chuoni yaweza kumfaa shuleni.

Kwa watoto wengine, njia ni hadithi. Msimulizi husema: palikuwa na sungura. Sungura huyo ametajwa mara ya kwanza, hatumjui bado. Kiingereza kitasema "a hare". Kisha msimulizi huendelea: yule sungura akaenda mtoni. Sasa tunamjua, Kiingereza kitasema "the hare". Yule wa hadithini ndiye "the". Bibi anayesimulia kando ya moto katika vilima vya Bomet anaweza kumfundisha mjukuu wake somo hili bila kujua hata neno moja la Kiingereza, mradi mwalimu wa kesho ajue kulipokea.

Ile s inayohama

Kanuni moja zaidi inastahili kutajwa, kwa sababu huunganisha nomino na kitenzi. Katika wakati uliopo, Kiingereza husema "the worker picks tea", lakini "the workers pick tea". Mtoto hushangaa: s ya kitenzi imekwenda wapi? Mwambie kwamba kwa nomino nyingi s ni moja tu, nayo haikai pande zote mbili. Ikipanda juu ya nomino, kitenzi huiacha. Nomino ikiwa haina, kitenzi huichukua. Kwa nomino za "women" na "children", ambazo ni za wingi bila s, kitenzi hubaki mtupu: "the women pick tea". Mwanafunzi anayeijua kanuni hii hujiepusha na nusu ya makosa yanayowekwa alama nyekundu katika insha za watoto.

Mama asiyejua Kiingereza afanyeje?

Tunafahamu kwamba wako akina mama wengi, huko bara na hapa Pwani, wanaosema: mimi sikusoma, nitamsaidiaje mwanangu? Jibu letu ni kwamba nomino ndilo somo ambalo mama anaweza kulisaidia kuliko yote, kwa kuwa vitu vyenyewe viko mikononi mwake.

Anapopika, amwulize mtoto: hiki shuleni mwakiitaje? Na vikiwa viwili je? Mtoto atasema "plate" na "plates", "spoon" na "spoons", naye ndiye atakayekuwa mwalimu wa jikoni. Anayefundisha hujifunza mara mbili. Mama asipojua kama jibu ni sahihi, amwambie mtoto aliandike na kumwuliza mwalimu kesho yake.

Anaporudi kutoka sokoni, amwache mtoto atenganishe vitu mafungu mawili: vya kuhesabiwa na vya kupimwa. Viazi huku, unga kule. Ndizi huku, mafuta kule. Fungu la pili halina s.

Ajiepushe na kicheko. Mtoto akisema "two leafs", asifokewe wala asichekwe mbele ya wenzake. Aliyesikia kosa na alirudie neno kwa usahihi na kuendelea na maneno: naam, "two leaves". Mtoto atalisikia. Kuna watoto waliofunga midomo miaka mingi kwa sababu ya kicheko cha siku moja.

Na asiiache lugha yake. Mama wa Kikipsigis amsimulie mwanawe kwa Kikipsigis, na mama wa Kiswahili kwa Kiswahili fasaha. Mtoto aliyejaziwa nomino nyingi katika lugha ya kwanza hana haja ya kujifunza upya vitu na maana zake. Anajifunza majina mapya tu. Aliyenyimwa lugha ya nyumbani kwa tamaa ya Kiingereza huingia shuleni na mikono mitupu pande zote mbili.

Kwa walimu, tunalo ombi moja. Vitabu vya Kiingereza na vya Kiswahili kwa madarasa ya chini viko, hasa tangu mpango wa Tusome uliposambazwa nchini mwaka 2015. Lakini kitabu hakijui kama mbele yake ameketi mtoto wa kambi ya Kericho, wa kijiji cha Bomet au wa mtaa wa Mji wa Kale. Mwalimu ndiye ajuaye. Na aulize, walau mara moja katika kila somo: kitu hiki kwenu mnakiitaje? Swali hilo halimpotezei muda. Humfungua kinywa mtoto ambaye hajasema neno tangu muhula uanze, na akiisha kusema neno moja la kwao, la Kiingereza litafuata.